Zambarau ya Baridi, Zambarau ya Ukoo

Wiki iliyopita mlinipa keki na saa ya ukutani. Mtu akistaafu hupewa saa, na hapo ndipo hana tena pa kuwahi. Ahsanteni, keki ilikuwa nzuri. Katikati ya makofi mmoja wenu akaniuliza kwa sauti: "Mama Mwajuma, kwa nini kwenye daftari la vielelezo unaandika kila kitu kwa kalamu, ila safu ya Aina tu unaandika kwa penseli?" Nikacheka, nikasema ni uzee. Wala haukuwa uzee. Jibu lake ni refu, na bosi alikuwa amesimama karibu na keki.

Kwa hiyo naliandika hapa, kwa Kiswahili, ninyi wawili wa Kolwezi na wa Morogoro mlisome, na bosi akitaka kulisoma atoe jasho kidogo. Vyeo sitaviandika, maana vilikuwa vichache na vilichelewa. Nitaandika habari za bangi.

Nilikuja Durban nikimfuata mume wangu aliyekuwa anasoma chuo pale Westville. Masomo yakaisha, sisi tukabaki. Kwetu ni Lushoto, na kazi niliyoijua ilikuwa kuchambua mbegu za maharage kwenye ghala. Jamani, kazi ile niliijua hasa! Umwage gunia mbele yangu, vidole vyangu vinatenga vyenyewe: ya njano huku, mekundu kule, yenye madoa pembeni. Kule kwetu rangi ndiyo jina. Mteja akisema "nipe ya njano", hakuna anayemuuliza njano ya ukoo gani. Likumbukeni hilo, maana ndiko maji yalikovujia.

Maabara yetu, kama mjuavyo, iko Greyville nyuma ya uwanja wa mbio za farasi. Siku ya kwanza nilipokelewa na Ma Khumalo, aliyekuwa mkuu wa banda la vioo. Alikuwa mfupi, mnene, na aproni yake ilikuwa na mifuko mingi kuliko kabati langu. Akanipa ufagio. Nikamwambia mimi nimeajiriwa kama mtaalamu wa mbegu. Akanijibu, "Eish, sisi," yaani dada kwa Kizulu, "fagia kwanza. Mtu akifagia ndiyo naona kama ana macho." Tuliongea Kiingereza siku zote, chake cha Kizulu na changu cha Kisambaa, na tulielewana vizuri kuliko watu wengi wenye lugha moja.

Nilipomaliza kufagia akanionyesha kipimajoto kile cha zamani mnachokicheka. Kina umbo la herufi U, na ndani mna vijiti viwili vidogo vya chuma vinavyosukumwa na zebaki. Kimoja kinabaki pale joto lilipopanda juu kabisa, kingine pale liliposhuka chini kabisa, mpaka uje uvirudishe kwa sumaku. Maana yake kipimajoto kinakesha badala yako. Asubuhi unakiuliza usiku ulikuwaje, nacho hakidanganyi. Ma Khumalo alikuwa akisema huyo ndiye mfanyakazi pekee humu asiyeomba ruhusa ya mazishi.

Kazi yetu kubwa ilikuwa mbegu za wakulima na majani yaliyougua. Lakini mara mojamoja polisi walileta bangi, sisi tuthibitishe kwamba kweli ni bangi, na tulikuwa na kibali cha kuitunza na hata kuiotesha kama mahakama ingetaka. Unaangalia vinywele vya jani kwa hadubini, unaandika kwenye daftari, unafunga bahasha. Daftari lilikuwa na safu zilezile mnazozijua: Namba, Kimetoka Wapi, Rangi, Aina. Nilikuwa nalijaza kwa kalamu nyeusi, mwandiko mzuri, na nilijivunia sana mwandiko ule.

Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya tisini, mwanzoni mwa majira ya baridi. Polisi wakaleta vitu viwili kwa wiki moja. Cha kwanza kilikuwa gunia la mimea mikavu yenye mbegu, iliyong'olewa kwenye korongo huko milimani, karibu na shamba la kabichi. Huko umande huganda. Mimea yote ilikuwa ya zambarau, majani na vikonyo. Cha pili kilikuwa vyungu vitatu vyenye mimea mibichi, vimetolewa juu ya paa la jengo la vyumba vya kupanga kule Point, mtaa wa bandarini. Nayo ilikuwa zambarau, imekolea kama biringanya.

Weee! Nilikuwa sijawahi kuona bangi ya rangi ile, halafu naletewa mara mbili kwa wiki moja. Vidole vya ghala la maharage vikafanya kazi yao kabla kichwa hakijaamka. Kwenye safu ya Rangi nikaandika: zambarau. Kwenye safu ya Aina nako nikaandika: zambarau, aina moja. Nikapiga mstari chini yake kwa rula. Ripoti ikachapwa, bosi wetu wa wakati ule, Daktari Pillay, akatia saini, ikaenda. Nikanywa chai.

Mwezi wa tatu baada ya hapo, saa ya chakula cha mchana, mlinzi wa geti akaniita. Nje alisimama mwanamke Mkongo, kitenge kimefungwa vizuri, mikono ina harufu ya dawa ya nywele. Alijitambulisha kuwa ni Mama Nzigire, ana kiti cha kusuka kwenye saluni moja karibu na Point. Wateja walimwambia kuna Mtanzania kwenye maabara ya mimea.

"Mama, bwana yangu iko mu gereza," akasema. "Juu ya ile majani ya mauve, ya zambarau, ya ku paa. Banasema aliitosha mbegu kule milimani, kwenye alikuwa anatumika ku kabichi, akaileta huku kuuzisha. Mama, hakuipanda! Aliikuta. Alikuwa anaimwangia maji tu. Kila kitu iko na majani, ye anamwangia. Hata maua ya plastiki ya mu salon yangu aliishaka kuyamwangia."

Nilitaka kucheka, kisha nikaona macho yake. Akanieleza lililobaki. Polisi walimkuta mumewe na kitambulisho cha kazi cha shamba lile la kabichi. Dhamana wakamnyima kwa kuwa ni mgeni. Kama angepatikana na hatia ya kusafirisha mbegu na kuuza, ilikuwa miaka mingi ndani, na baada ya hapo karatasi zake za ukimbizi zisingefaa hata kufungia karanga. Angerudishwa kulekule alikokimbia.

"Mama Nzigire," nikamwambia, "mimi siruhusiwi kuzungumza nawe habari hizi. Hata kusimama hapa ni kosa."

"Sikuombe useme uongo," akajibu. "Angalia tena tu. Ni ile tu nakuomba. Uangalie tena."

Akaondoka. Wali wangu ukapoa. Nikaenda kabatini nikafungua daftari, nikaisoma ile mistari miwili kama imeandikwa na mtu mwingine. Kilichomfunga yule bwana hakikuwa kile kitambulisho, maana watu wengi wamevuna kabichi kule. Kilichounganisha korongo na paa lilikuwa neno langu: aina moja. Na nilikuwa nimelijuaje? Kwa macho tu.

Nikampelekea Ma Khumalo daftari. Alikuwa anamwagilia. Alisoma, akazima bomba.

"Sisi, kwenu si kuna baridi?"

"Kuna baridi sana."

"Mahindi machanga kwenye baridi kali yanakuwaje?"

Yanakuwa ya zambarau! Tangu utoto wangu, kila Juni, miche ya mahindi ya mama ilikuwa ikigeuka zambarau pembeni mwa jani, jua likirudi inatoka majani ya kijani. Nimeyaona hayo miaka yote kwa macho haya haya, na siku nilipoyahitaji hayakunijia.

"Haya sasa," akasema Ma Khumalo, "vile vyungu vya Point vimekaa hapa ndani miezi mitatu, kwenye joto. Vina rangi gani?"

Tukageuka wote wawili. Vilikuwa pale pale, nilikuwa navimwagilia kila siku. Zambarau tupu, hadi majani mapya ya juu kabisa.

Tulimwendea Daktari Pillay pamoja. Alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo hayakuwa matamu. Nikamweleza yote, mpaka habari za yule mama getini. Akavua miwani.

"Uliandika aina moja kwa kuangalia rangi?"

"Ndiyo, Daktari."

"Na mimi nikatia saini." Akaifuta miwani. "Basi tumekosea wawili. Wewe utaiandikia mahakama barua, useme kosa ni nini. Mimi nitatia saini tena, safari hii baada ya kusoma."

Mahakama ikakubali tufanye jaribio, na wakili wa mshtakiwa na mwendesha mashtaka wote wakaridhia. Sasa hapa, wanangu, ndipo kazi yenyewe ilipo.

Rangi ile ya zambarau ndiyo ileile iliyomo kwenye zabibu na kabichi nyekundu. Mmea huitengeneza wenyewe, lakini lazima uwe na namna ya kuitengeneza, na namna hiyo imo kwenye vinasaba, inarithiwa. Ichukulieni kama daftari la mapishi la familia. Kuna ukoo wenye pishi la zambarau na hulipika kila siku, iwe joto iwe baridi. Kuna ukoo wenye pishi hilo lakini haulipiki mpaka baridi ibishe hodi. Na kuna ukoo ambao ukurasa huo haupo kabisa. Uweke kwenye barafu, utakufa ukiwa kijani. Kwa hiyo mimea miwili ikiwa zambarau leo, hujui bado kama ni ndugu. Uihamishe kwanza ndiyo utajua.

Tukaotesha mbegu za gunia la milimani. Vyungu vya Point tukavikata matawi tukayaotesha, maana tawi ni mmea uleule. Kisha tukagawa: nusu ya kila kundi upande wa joto, nyuzi ishirini na kitu usiku na mchana, na nusu kwenye chumba baridi, ambacho mchana kilikuwa na joto la kawaida na usiku kinashushwa mpaka nyuzi nane. Mwanga, maji na udongo vyote vilikuwa sawa.

Nilipotaka kuandika lebo, Ma Khumalo aliniondolea kalamu mkononi. "Wewe una hamu," akasema. "Mtu mwenye hamu haoni." Akabandika namba tupu, orodha akaifungia kwenye kopo la majani ya chai, kopo akalitia kwenye aproni yake. Mimi nikabaki kusoma kipimajoto kila asubuhi na kuandika rangi ya kila namba. Nilichukia! Lakini alikuwa na haki. Nilikuwa nikiamka naomba Mungu, na kama ningejua namba ipi ni ipi, ningeona zambarau hata kwenye ukuta.

Wiki ya kwanza hakuna kilichotokea. Wiki ya pili hakuna kilichotokea, na kuna asubuhi moja vijiti vya kipimajoto vilionyesha chumba baridi kilishuka hadi nyuzi kumi na nne tu. Mashine ilikuwa imechoka. Fundi akaja, tukaanza kuhesabu siku upya. Yule bwana alikuwa ndani kila siku tuliyoianza upya, na nililijua hilo kila nilipofungua mlango ule.

Wiki ya tano kwenye chumba baridi nikaona kitu kwenye namba saba: ukingo wa jani umeiva rangi, kama mtoto aliyekula matunda ya mzambarau akasahau kufuta mdomo. Kesho yake namba tisa, na kumi na moja. Rangi ikapanda kwenye vikonyo, ikaenea chini ya majani. Miche miwili ya chumba kile ilikataa kabisa, ikabaki kijani kama haioni wenzake. Upande wa joto, namba nyingine zilikuwa kijani tangu mwanzo, na nyingine zambarau tangu mwanzo, wala hazikujali.

Ma Khumalo akafungua kopo. Karatasi hakunipa, akanisomea yeye. Matawi yote ya Point yalikuwa zambarau, kwenye joto na kwenye baridi. Mbegu za milimani upande wa joto zote zilikuwa kijani, bila hata moja kubadilika. Zile zilizogeuka zilikuwa za chumba baridi tu, na zile mbili zilizokataa ni za ukoo huohuo, kwa sababu hata watoto wa tumbo moja hawarithi sawa.

"Zambarau mbili," akasema Ma Khumalo. "Moja ya ukoo, moja ya baridi. Sharp, sawa kabisa." Akarudisha kopo mfukoni akaendelea kumwagilia.

Daktari Pillay ndiye aliyeongeza jambo la mwisho. Alichukua namba saba, iliyokuwa zambarau yote, akairudisha upande wa joto, akasema tusubiri. Majani ya zamani yakabaki na rangi yake. Juu yake yakachipua mapya, kijani kibichi. Mmea mmoja, shina moja, chini zambarau na juu kijani. Huo ndio niliopanda nao ngazi za mahakama, nimeukumbatia kama mtoto, askari wawili nyuma yangu wakiulinda.

Sijawahi kuogopa vile. Mume wa Mama Nzigire alikuwa kizimbani, mrefu, amekonda, shati limempwaya. Hakuniangalia mimi. Aliuangalia mmea.

Mwendesha mashtaka akasimama. "Shahidi, mwanzo uliandika ni aina moja. Leo unasema si moja. Nani aliandika lile neno la kwanza?"

"Ni mimi."

"Na tukuamini lini?"

"Nilichokiona kilikuwa rangi," nikasema. "Nikakiandika mahali pa kitu ninachokijua, na nilikuwa sikijui. Leo nimeleta kitu ambacho kila mtu humu anaweza kukiona mwenyewe." Nikauweka mmea mezani.

Hakimu akautazama pande zote. Akaniuliza: kama mshtakiwa angechukua mbegu kule korongoni akaipanda juu ya paa Point, ingetoka rangi gani?

"Kijani, mheshimiwa. Point hakuna baridi ya kuiamsha."

Hakimu mwenyewe alikuwa anajipepea na faili. Mwezi ule Durban ilikuwa inachemka.

Shtaka la kusafirisha mbegu na kuuza likaanguka. Kuhusu vyungu, msimamizi wa jengo alikuja kukiri kwamba vilikuwa pale paani kabla yule bwana hajahamia. Wakamwachia mchana uleule. Mama Nzigire alipiga vigelegele mpaka askari akamwomba atoke nje, akaenda kuvimalizia nje.

Nikawafuata kwenye korido. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi. "Baba Nzigire," nikasema, "neno lililokuweka ndani lilikuwa langu. Nisamehe."

Akanitazama. "Miezi tisa, mama," akasema. Mkewe akamshika mkono wakaenda. Nilijifungia chooni mwa mahakama nikalia mpaka kilemba kikalowa. Kuteleza si kuanguka, wanasema, lakini mimi niliteleza na akaanguka mtu mwingine. Wakati huo hakuna aliyeweza kunifariji, na nashukuru Ma Khumalo hakujaribu. Aliniachia ufagio tu.

Vielelezo vyote vikachomwa kwa amri ya mahakama, na namba saba pamoja navyo. Kwa muda nikawa siandiki kitu kwenye safu ya Aina. Naiacha tupu, Daktari Pillay anagomba, naandika, nafuta kwa wembe, karatasi inatoboka. Daftari la mwaka ule mkiliona mtadhani lililiwa na mende.

Kisha majira yakageuka, mvua za kwanza zikanyesha, na asubuhi moja mlinzi akaniita tena getini. Alikuwa Baba Nzigire. Alikuwa amenenepa kidogo, ana vumbi la mbao kwenye nywele. Alipata kazi kwa fundi seremala. Mkononi ameshika kopo la rangi lililojaa udongo, na ndani yake mmea mmoja wa mchicha, ule ambao Wakongo huuita lengalenga. Ulikuwa mwekundu kama damu ya ng'ombe.

"Jambo, mama," akasema. "Nilipanda mingi. Yote iko vert, yote kijani. Huyu moja tu ndiye ametoka rouge. Mi najiuliza: ni baridi, ao ni ukoo?"

Nikamkaribisha ndani. Nikafungua daftari juu ya meza ya vyungu, nikaandika namba, nikaandika Point, kwenye Rangi nikaandika nyekundu, kwa kalamu. Nikafika kwenye Aina, mkono ukasimama. Alikuwa ananiangalia, na nadhani alielewa, maana alikuwa ameisikia mahakamani habari ya safu ile.

"Sijui, Baba Nzigire," nikasema. "Kweli kabisa, sijui bado."

Akatoa penseli ya useremala iliyokuwa nyuma ya sikio lake, ile bapa, akaniwekea mkononi.

"Basi andika na hii," akasema. "Tukijua, utafuta."

Kisha akachukua ndoo, akaanza kumwagilia benchi zima bila kuulizwa, na Ma Khumalo akamwacha. Ule mchicha ulikuwa wa ukoo, kama mnataka kujua. Tuliupanda pande zote mbili, ukawa mwekundu kote. Penseli yenyewe imebaki kipande cha kidole. Ipo kwenye droo ya kushoto, kando ya kipimajoto. Ichongeni taratibu.